Gunia la Mbolea na Gunia la Mahindi



Linapotajwa neno "kilimo cha kisasa" katika mikutano ya wilaya, wasikilizaji hugawanyika mara moja. Wako wanaoliona trekta, mbegu chotara na mbolea ya chumvichumvi kuwa ni ufunguo wa kila ghala, nao humhesabu mkulima anayesita kuwa ni mzembe. Wako pia, hasa katika siku hizi za karibuni, wanaoviona vitu hivyo hivyo kuwa ndivyo vilivyoiharibu ardhi, nao hulitamani jembe la babu kana kwamba babu hakupata kulala na njaa. Makundi yote mawili yana kosa moja. Yanazungumzia vifaa bila ya kuutaja udongo ambamo vifaa hivyo vilitumiwa, wala mtu aliyetakiwa kuvitumia, wala kama mtu huyo aliulizwa jambo lo lote kabla ya kuletewa.

Tanzania haina haja ya kuazima ushahidi kutoka mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 wakubwa wa huko wakafikia uamuzi kwamba upungufu huo ungemalizwa na karanga za Tanganyika, zitakazolimwa kwa mashine katika eneo lililozidi ekari 3,000,000. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yalikusanywa kutoka mabaki ya vita, mengine yakitoka Ufilipino, na vifaru vikageuzwa kuwa mashine za kufyekea pori. Kongwa ni Ugogo. Wagogo walikuwa wamekaa pale miaka mingi wakitegemea ng'ombe, uwele na mtama, kwa sababu mvua ya huko ni bahili na huja ipendavyo. Udongo wake una mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali: mchanga ulikula meno ya majembe ya trekta, na kiangazi kilipoingia mfinyanzi uligeuka saruji, karanga zikabaki ndani yake. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa pamoja nao. Katika miaka ya 1960 Kongwa ilipata kuwa kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, mavuno ambayo waliokata pori lile hawakuyaota.

Miaka minne tu baada ya Kongwa kufungwa, mambo yalijirudia mahali pengine kwa sura nyingine. Huko Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia haikuwa mbaya, na katika nchi nyingi matuta hayo yamesaidia. Lakini udongo wa juu wa Uluguru ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia ule wenye rutuba na kuutoa nje ule usioweza kuotesha kitu. Waluguru waliyaona hayo katika msimu wa kwanza wakasema, hawakusikilizwa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Wakati huo huo, Wamatengo wa Mbinga walikuwa wakilima miteremko mikali kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta ya nyasi zilizolazwa na kufukiwa, na udongo wao haukuhama. Ngoro ni ufundi wa kilimo kwa kipimo cho chote kile, ingawa haukuandikwa katika waraka wa serikali.

Mifano hii hupendwa sana na wale wanaotaka kuthibitisha kwamba kilimo cha kisasa ni ulaghai. Haithibitishi hivyo. Kongwa ilishindwa kwa kutoujua udongo na mvua. Si kwa sababu chuma ni adui wa ardhi. Ili haki itendeke, yafaa itazamwe kazi ambayo sayansi iliifanya vizuri, nayo ni kazi ya mahindi.

Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale, nchini Kenya, waliwatolea wakulima mbegu chotara iliyopatikana kwa kuyakutanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, nchi ya milima huko Amerika ya Kusini. Kizazi cha kwanza cha ndoa hiyo kilizaa kuliko wazazi wote wawili. Ndugu za mbegu hiyo zilivuka mpaka, zikaipenda hewa ya Nyanda za Juu Kusini, na katika mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa mahindi yakawa chakula na fedha pia. Vituo vya utafiti vya Ilonga na Ukiriguru navyo vilitoa mbegu zao, tena mbegu ambazo mkulima aliweza kuweka akiba mwaka hata mwaka. Chotara haina hisani hiyo. Ukipanda punje za mavuno yake, watoto hawafanani na mama. Mazao hushuka, na mkulima hana budi kurudi dukani kila mwaka.

Kuhusu mbolea, hesabu yake ni rahisi kiasi cha kuweza kufundishwa darasani. Mmea unahitaji naitrojeni. Majaribio ya miaka mingi yameonyesha kwamba kilo moja ya naitrojeni, ikiingia kwa wakati wake katika udongo wenye afya, huongeza kilo 10 hata 20 za mahindi. Gunia la kilo 50 la salfeti ya amonia lina kilo kama 10 za naitrojeni. Kwa hiyo huongeza gunia moja au mawili ya mahindi. Gunia la urea lina kilo 23, nalo huongeza zaidi ya maradufu ya hayo. Katika udongo uliochoka, au mbolea ikifika wakati mahindi yamekwisha kutoa mbelewele, gunia hilo hilo haliongezi kitu cha maana. Mkulima anayejua hesabu hii hahitaji kuhubiriwa. Atauliza bei ya gunia la mbolea, atauliza bei ya gunia la mahindi, kisha ataamua. Na mara nyingi huyo anayeitwa mkaidi katika taarifa za wilaya ni mtu aliyekwisha kupiga hesabu.

Azimio la Iringa la mwezi Mei 1972 lilisema kwamba siasa ni kilimo. Haukupita muda mrefu nchi ikapatwa na ukame wa 1973 hadi 1975, na nafaka zikaagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha ambazo hazikuwapo. Ndipo ulipoanzishwa mpango wa taifa wa mahindi, uliopeleka vijijini mbegu bora na mbolea kwa bei nafuu. Katika msimu wa 1974/75 Shirika la Taifa la Usagishaji lilikuwa limenunua mahindi yasiyofikia tani 30,000. Katika msimu wa 1978/79 lilinunua zaidi ya tani 200,000. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini mwalimu wa hesabu asizipokee bila ya maswali. Mvua ilirudi. Bei ya mkulima ilipandishwa, tena ikawa bei moja nchi nzima, hata mkulima wa Sumbawanga akalipwa sawa na yule aliye jirani na Dar es Salaam. Barabara ya lami na reli ya TAZARA zilikuwa zimefika Mbeya. Mbolea ilifanya kazi yake, lakini haikufanya kazi peke yake, na waliomsifu mbuni wa mpango walimsahau dereva wa lori.

Kwa nini basi mlima huo wa mahindi haukudumu? Hapa ndipo palipo na funzo zito zaidi, na yafaa lisikilizwe kwa utulivu.

Jibu la kwanza liko katika udongo wenyewe. Salfeti ya amonia, iliyosambazwa kwa wingi katika miaka ile, huacha tindikali kila inapogeuka kuwa chakula cha mmea. Msimu mmoja hauonekani. Misimu mitano au kumi katika udongo ambao kwa asili umekwisha kuelekea kwenye tindikali, kama ulivyo udongo wa sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini, huonekana: mizizi hufupika, fosfeti hufungwa isipatikane, na mkulima huona kwamba gunia lililompa magunia mawili sasa linampa debe. Akiongeza mbolea ile ile, anaongeza ugonjwa. Dawa ya hali hiyo inajulikana tangu zamani: chokaa, samadi, kubadilisha mahindi na maharage, au kutumia mbolea ya namna nyingine. Lakini chokaa ni nzito kusafirisha, samadi haina mwenye duka wa kuitangaza, na maharage hayakuwa na shabaha ya tani katika mpango wa wilaya. Basi wananchi wakaambiwa wameshika mno mila za zamani, ingawa tatizo lao lilikuwa limekuja ndani ya gunia.

Jibu la pili liko bandarini. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, na kilikuwa fahari ya taifa. Malighafi yake, hata hivyo, ilitoka nje. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vilipozimeza fedha za kigeni, kila gunia la mbolea lilianza kusubiri meli, meli ikasubiri benki, na lori likasubiri tairi. Mwaka 1983 uchimbaji wa fosfeti ulianza Minjingu, kusini-magharibi ya Arusha, kwa tumaini la kuipa Tanga malighafi ya nyumbani. Ulikuwa ni uamuzi wa busara uliokuja kwa kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilifungwa, na katika miaka hiyo hiyo ruzuku ya mbolea ikaondolewa kwa mashauri ya wakopeshaji. Mkulima wa Ruvuma, ambaye bei moja ya nchi nzima ilimfundisha kulima mahindi kwa mbolea, aliachwa na mazoea ya mbolea bila ya mbolea yenyewe. Lawama za kupungua kwa mazao zilimfuata huko huko shambani.

Jibu la tatu lilikuwa ndani ya dari. Zamani mahindi yaliwekwa na maganda yake, juu ya moshi wa jiko au katika kihenge, na punje zake zilikuwa ngumu. Mbegu nyingi mpya zilichaguliwa kwa wingi wa mazao, na wachaguzi hawakutazama sana ugumu wa punje wala jinsi ganda linavyolifunika hindi hadi nchani. Zilipoingia katika kihenge cha zamani, fukusi walizipokea kwa furaha. Kisha, katika miaka ya mwisho ya 1970, aliingia mdudu ambaye Afrika haikupata kumwona, mzaliwa wa Amerika ya Kati. Aligunduliwa mkoani Tabora mwaka 1981. Wataalamu walimwita dumuzi. Wananchi, ambao huona mbali katika kutoa majina, walimwita Scania, kwa kuwa hupita katika mahindi kama lori kubwa lipitavyo barabarani. Hula punje, hula gunzi, hula hata mbao za ghala, na huacha unga mtupu. Wakulima ilibidi wajifunze kuyapukuchua mahindi mapema na kuyachanganya na dawa ya unga, yaani gharama nyingine tena ya fedha taslimu. Ye yote anayehesabu mavuno shambani na asiyahesabu tena mwezi wa nne ndani ya ghala amehesabu nusu ya hadithi.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa magunia. Katika nyanda za Hanang, kwa msaada wa Canada, shirika la umma lilifungua mashamba saba makubwa ya ngano, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000. Ngano ilipatikana, tena nyingi, na wakazi wa miji walikula mkate wake. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Katika ramani ya mpango, nchi iliyolishwa ng'ombe kwa zamu, ikipumzishwa kwa majira, ilihesabiwa kuwa ni pori lisilotumika. Jembe la trekta lilipita. Katika miaka ya 1980 kesi ilifika hadi Mahakama ya Rufani, na wenyeji wakashindwa kwa sehemu kubwa kwa kukosa kuthibitisha haki yao kwa namna ambayo sheria iliitambua. Tani za ngano zilipotangazwa, hakuna aliyezitoa tani za maziwa na nyama zilizopotea upande wa pili wa daftari.

Wasomaji wa habari za dunia watasema kwamba Asia ilifaulu. Ni kweli. Mwaka 1966 India, iliyokuwa imeandamwa na ukame na kuishi kwa ngano ya msaada wa Marekani, iliagiza kutoka Mexico tani 18,000 za mbegu ya ngano fupi iliyozalishwa na Norman Borlaug na wenzake. Ngano ya zamani ilipopewa mbolea nyingi ilirefuka na kuanguka. Hii fupi ilisimama na kubeba masuke mazito. Katika muda wa miaka michache mavuno ya ngano ya India yalipanda kutoka tani milioni 12 hadi kufikia tani milioni 20, na mwaka 1970 Borlaug akapewa Nishani ya Nobel ya Amani. Yafaa itajwe, hata hivyo, kwamba Punjab, kitovu cha mapinduzi hayo, ilikuwa na mifereji ya maji tangu enzi ya Waingereza, na visima vya pampu vikaongezwa juu yake. Leo maji ya chini ya Punjab yanazidi kushuka, na kila mwaka, mavuno ya mpunga yakiisha, mashina yake huchomwa moto na moshi ukafika hadi Delhi. Anayetaka kuichukua Punjab na kuipanda Shinyanga aulize kwanza mfereji uko wapi.

Indonesia ina habari yenye manufaa zaidi kwa walimu. Huko mpunga mpya ulifuatana na dawa za kuua wadudu, ambazo serikali iliziuza kwa bei nafuu sana. Dawa ziliwaua buibui na wadudu wengine wawindaji, na mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye mashina ya mpunga akabaki bila ya adui. Kila waliponyunyiza zaidi, alizaliana zaidi. Mwezi Novemba 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga, na kuanzia mwaka 1989 wakulima walikusanywa katika kile kinachoitwa sasa shamba darasa. Kila juma waliingia shambani, wakahesabu wadudu wabaya na wazuri kwa majina yao, wakachora walichokiona, kisha wakaamua wenyewe kama kuna haja ya kunyunyiza. Dawa zilipungua sana na mpunga haukupungua. Sayansi haikufukuzwa shambani. Iliwekwa mikononi mwa mkulima, naye akaacha kuwa mtu wa kupokea amri.

Tanzania imerudia ruzuku mara zaidi ya moja. Kuanzia msimu wa 2008/09 zilitolewa vocha zilizompa mkulima mbolea na mbegu za kutosha ekari moja. Mpango huo ulikoma baada ya miaka michache. Bei za mbolea zilipopanda duniani mwaka 2021 na 2022, ruzuku ilirejeshwa katika msimu wa 2022/23, safari hii kwa kuandikisha wakulima. Ruzuku ni jambo jema, na wanaoibeza wangeanza kwa kukataa unga wa bei nafuu mezani kwao. Lakini orodha ya wakulima haisemi lo lote juu ya udongo wao. Ikiwa gunia ni lile lile kwa Mbozi na kwa Kondoa, kwa shamba lenye tindikali na kwa lisilo nayo, basi mtumishi wa wilaya amegawa mbolea, hajagawa kilimo.

Hapa ndipo ilipo nafasi ya shule, na haidai fungu la fedha kutoka makao makuu. Shule nyingi za vijijini zina shamba, na mara nyingi shamba hilo hutumiwa kwa adhabu. Robo ekari yake inaweza kugawanywa vipande vinne: cha kwanza kisipewe kitu, cha pili kipewe chumvichumvi peke yake, cha tatu samadi peke yake, na cha nne vyote viwili kwa nusu nusu. Mbegu iwe moja, na siku ya kupanda iwe moja. Mavuno yapimwe kwa mizani mbele ya wazazi, na yapimwe tena mwezi wa nne baada ya kuwekwa ghalani. Katika daftari ziwepo safu mbili: kilo zilizopatikana, na shilingi zilizotumika pamoja na nauli ya gunia. Daftari hilo likiendelea misimu mitatu, bwana shamba atakapokuja na waraka mpya atakuta wanakijiji wana tarakimu zao mezani, na mazungumzo yataanzia hapo.